Mchezo wa Televisheni na Jina Alilobandikwa Kijana

Twawaletea ndugu zetu wasomaji jambo ambalo hatukutazamia kuliandika katika kurasa hizi, maana si ada yetu kuzungumza habari za michezo ya televisheni. Darasa letu la Kikoneni ni darasa la fiqhi na tafsiri. Wengi wa wanaohudhuria ni watu wa minazi na mikorosho, na wachuuzi wa sokoni, na vijana wachache wafanyao kazi katika hoteli za Diani. Lakini kila wakati huja na maswali yake, na aliyeketi kufundisha hana ruhusa ya kuchagua aulizwe nini.

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Magharibi, mzee mmoja wa hapa kwetu alikuja akaketi ukingoni mwa mkeka, akangoja watu watawanyike. Tulipobaki naye peke yake akasema, "Sheikh, mwanangu haji tena msikitini. Wamempa jina." Tukamwuliza ni jina gani. Akasema, "Wamwita Tomasi." Sisi tukadhani kuwa labda kijana ametuhumiwa kuacha dini, kwa kuwa jina hilo ni la Kikristo. Mzee akatikisa kichwa, akainama, akaeleza kuwa jina limetoka katika mchezo unaotazamwa uani kwa jirani, na kwamba huyo Tomasi wa mchezoni ni mwanamume apendaye wanaume wenziwe.

Kijana mwenyewe twamjua. Ajifunza kushona kwa fundi wa cherehani aliye kando ya njia. Ni mpole, ni mnadhifu wa nguo, na sauti yake ni ndogo. Hayo ndiyo yote tuyajuayo sisi, na tulipouliza huku na huku tuliona kuwa hayo ndiyo yote waliyokuwa nayo wale waliombandika jina. Tangu hapo watoto wamwimbia njiani, wateja wawili wamechukua vitambaa vyao wakavipeleka kwingine, na mama yake asema kuwa kijana ataka kuhamia Mombasa asikojua mtu.

Lililokuwa jepesi ni kupanda mimbari siku ya Ijumaa, kuulaani mchezo, kisha kushuka. Na yatupasa kukiri kuwa tumewahi kufanya hivyo hasa. Mwaka 2018 Bibi Wanuri Kahiu wa Nairobi alitoa picha ya sinema iitwayo Rafiki, habari ya wasichana wawili wapendanao, aliyoitoa katika hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko. Mwezi wa Aprili Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku. Mwezi wa Mei ikaonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Tarehe 21 Septemba Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaamuru kuwa watu wazima waweza kuionyeshwa muda wa siku 7, na watu wakajaa katika sinema za Nairobi. Sisi wakati huo tulisimama juu ya mimbari tukasema kuwa picha ile ni uchi mtupu tangu mwanzo hata mwisho. Nani aliyetuambia? Mtu aliyeambiwa na mtu. Baada ya miezi, mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, aliyekuwako Nairobi siku zile saba akaiona, alitujia akatuambia kwa adabu kuwa tuliyoyasema hayamo.

Twafundisha watu kila mwaka masharti ya kupokea habari. Twawaambia kuwa mpokezi asiyejulikana hakubaliwi hata katika habari ya udhu. Kisha sisi wenyewe tukapokea kwa asiyejulikana, tukaeneza mbele ya msikiti uliojaa. Wala hatukurudi juu ya mimbari kusahihisha. Twasahihisha leo kwa kalamu, na tumechelewa sana.

Basi safari hii tulisema: tutazame kwanza.

Mchezo waitwa Downton Abbey, nao ni wa Kiingereza. Mtungaji wake ni Julian Fellowes. Ulianza kuonyeshwa Uingereza katika televisheni ya ITV mwezi wa Septemba 2010, ukaendelea hata Krismasi ya 2015. Hapa kwetu umefika kwa mkono: kijana mmoja wa hoteli alipewa na wageni ndani ya flashi, akauleta nyumbani kwao ambako kuna televisheni na umeme wa jua, na kila usiku wa mapumziko yake watu hukusanyika uani. Kisa chaanza mwezi wa Aprili 1912, meli ya Titanic ilipozama, katika nyumba kubwa ya bwana mwenye cheo, Earl wa Grantham, katika nchi ya Yorkshire. Juu wakaa mabwana na binti zao. Chini, na ghorofani kabisa chini ya paa, wakaa watumishi. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa nyumba ya namna hiyo ni nyumba gani. Mababu zetu walizijua, wengine kwa upande wa juu na wengine kwa upande wa chini.

Tulikwenda usiku mara tatu, pamoja na mwalimu mmoja wa skuli ajuaye Kiingereza vizuri, tukaketi nyuma karibu na kisima. Huyo kijana wa hoteli ndiye mfasiri. Husimamisha picha, akaeleza, akaendelea. Na mwanzoni tulistaajabia ufundi wake, maana si kazi rahisi kuwashika watu arobaini kwa ulimi mmoja. Lakini haukupita muda mwalimu akatunong'oneza, "Hilo hakulisema." Kila alipotokea Tomasi, mtumishi wa mezani, mfasiri alimpa sauti nyembamba na maneno ya kujishaua, na watu wakaangua kicheko. Tomasi wa mchezoni, alivyotueleza mwalimu na tulivyosikia kwa masikio yetu, ana sauti nene kama ya mtu yeyote, husema machache, na mengi katika machache hayo ni ya fitina. Ile sauti ndogo ilikuwa ya mfasiri.

Hapo tulikumbuka sauti ya mwana wa yule mzee.

Sasa twaeleza tuliyoyaona, tukiomba radhi kwa wasomaji wetu wenye haya. Katika sehemu ya kwanza yaja nyumbani humo bwana mmoja mkubwa, Duke wa Crowborough, kumposa binti mkubwa wa nyumba, kwa kuwa warithi wa kiume wamekufa katika Titanic naye adhani mali itamwangukia binti. Kumbe bwana huyu na Tomasi wamejuana London katika siku zilizopita, na Tomasi ana barua zake. Wanapobaki wawili wabusiana. Sisi tuliinamisha macho, na uani palikuwa na kelele. Tomasi ataka achukuliwe kuwa mtumishi wa bwana huyo. Bwana, akisha kujua kuwa binti harithi kitu, hana haja tena na binti wala na Tomasi. Tomasi amtisha kwa barua. Naye bwana amekwisha kuziiba kutoka chumbani mwake juu ya dari, azitupa motoni mbele ya macho yake, kisha aondoka kwa gari lake kama alivyokuja. Tomasi arudi kubeba sahani.

Twakiri kuwa hatukumpenda Tomasi. Huiba mvinyo wa bwana wake, na amtegea mitego mwenziwe Bates, mtu mwenye ulemavu wa mguu alioupata vitani, ili afukuzwe kazi. Lakini tulipokuwa twarudi usiku, tulijiuliza twamchukia kwa lipi, tukaona kuwa twamchukia kwa hila zake juu ya yule kilema. Wenzetu waliokuwa mbele walimchukia kwa jambo jingine, tena walimchukia huku wakicheka. Na mchezo wenyewe, kwa maoni yetu, una lawama hapa: umeyasokota mambo mawili katika kamba moja, hata mtazamaji hajui tena ni uwongo upi umetoka katika tabia mbaya, na ni uwongo upi umetoka katika hofu ya mtu ambaye barua moja tu yaweza kumpeleka jela.

Maana jela ilikuwako. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1885 iliweka kifungo cha hadi miaka 2 kwa jambo hilo baina ya wanaume, hata likifanywa ndani ya milango iliyofungwa, na kwa sheria hiyo mwandishi Oscar Wilde alifungwa mwaka 1895. Waingereza wenyewe walikuwa wakiisema sheria ile kuwa ni hati ya ruhusa kwa wanaotoza watu fedha kwa vitisho. Iliendelea mpaka mwaka 1967 ndipo Uingereza na Wales wakailegeza. Aliyetazama mchezo bila ya kuijua sheria hiyo huona mtumishi mjanja. Aliyeijua huona pia kitanzi.

Katika sehemu ya tatu likatokea jambo lililowakasirisha watu wote uani. Afika mgeni, Mturuki wa ubalozi wa Dola ya Uthmania, jina lake Kemal Pamuk, kijana mzuri wa sura. Tomasi amdhania sivyo, amgusa shavu. Mturuki amkemea na kumtishia kumfikisha kwa bwana wa nyumba. Kisha hapo hapo aitumia siri hiyo: amlazimisha Tomasi amwongoze usiku mpaka chumbani kwa binti wa mwenye nyumba. Aingia, na kabla hakujapambazuka afia kitandani mwa binti. Mmoja wa waliokaa mbele akainuka akasema, "Hawa hawamwonyeshi Mwislamu ila akiwa mzinifu!" Watu wakaitikia. Nasi, twasema kweli, tuliitikia. Dola nzima ya Uthmania, na makadhi wake na madrasa zake na mahujaji wake, haikupata katika nyumba ile ya Kiingereza mtu wa kuiwakilisha ila mmoja aliyeingia chumba kisicho chake!

Mwalimu hakusema neno mpaka tulipofika njia panda. Ndipo akasema, "Sheikh, Mturuki mmoja tumekataa asiwe sura yetu sote. Tomasi mmoja mbona tumemkubali awe sura ya mtoto wa mwenzetu?"

Hatukuwa na jawabu usiku ule. Haya tuyaandikayo ndiyo jawabu tulilolipata baadaye, kwa kurudi vitabuni.

Na lisiwe na shaka kwa msomaji tunaposimama. Liwati ni haramu kwa ijmai ya wanazuoni, na hatukuketi kuandika ili kukifanya halali kilichoharamishwa. Lakini wanazuoni hao hao walitofautisha mambo ambayo sisi twayachanganya. Walitofautisha maelekeo ya moyo na tendo la kiungo, wakasema mja haandikiwi dhambi kwa linalompitia moyoni asilolitenda. Walitofautisha tendo na tuhuma ya tendo. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi uthibitisho wa jambo hili ni ule ule wa zinaa: mashahidi wanne waadilifu, kila mmoja ameona tendo lenyewe kwa macho yake, au mtenda akiri kwa hiari yake. Anayemtupia Mwislamu tuhuma hiyo na asilete hao wanne, yeye ndiye mwenye kustahili viboko 80, na ushahidi wake haupokewi tena, kama ilivyo katika Sura ya Nur. Tazama basi, ewe ndugu. Katika jambo hili, kijana aliyetuhumiwa hana juu yake hata shahidi mmoja. Waliosema wana juu yao mashahidi mtaa mzima.

Wengine watasema, "Sisi hatukumtuhumu, tulimtania kwa jina tu." Sura ya Hujurati imekataza kwa mahali pamoja mambo matatu yanayofuatana: kudharauliana watu na watu, kutiana aibu, na kuitana kwa lakabu mbaya, na aya inayofuata yakataza dhana, na kupelelezana, na kusengenyana. Tumezisoma aya hizo mara ngapi katika darasa hili? Tulidhani lakabu mbaya ni kumwita mtu kipofu au mfupi. Hatukudhani kuwa lakabu yaweza kutoka Yorkshire, ikavuka bahari ndani ya flashi, ikamkalia kijana wa Kikoneni shingoni.

Na kuhusu kupelelezana, Imamu Ghazali amekitaja katika Ihyau kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akizunguka Madina usiku. Alisikia sauti ya mtu nyumbani kwake, akapanda ukuta, akamkuta yuko katika maasi. Alipomkemea, yule mtu alimjibu kuwa yeye amemwasi Mungu kwa moja, na Amiri wa Waumini amemwasi kwa matatu: amepeleleza, amepitia ukutani badala ya mlangoni, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar, naye ni Umar, alikubali hoja, akatoka, baada ya yule mtu kuahidi kutubu. Je, sisi tunaotazama mwendo wa mtoto wa watu na unadhifu wa shati lake, kisha tukatoa hukumu, tumepanda ukuta mara ngapi?

Hapa pwani si jambo la maneno tu. Mwezi wa Februari 2010 palivuma habari huko Mtwapa kuwa wanaume wawili wataoana. Viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, walitoa wito; kundi la watu likazingira kituo cha afya, likawatafuta watu majumbani, na waliopigwa wakapigwa. Harusi iliyosemwa haikupatikana. Na Februari 2015, katika Kwale yetu hii, wanaume wawili walikamatwa Ukunda kwa kushukiwa, wakafikishwa mahakamani, wakapelekwa Mombasa kupekuliwa miili yao hospitalini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona kosa katika upekuzi huo. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mombasa, iliitengua hukumu ile, ikasema upekuzi huo ulikuwa kinyume cha sheria. Miaka hiyo mitatu, sisi tuliokuwa mwendo mfupi kutoka mahakama ya Kwale, hatukusema juu ya mimbari kuwa utupu wa mtu una heshima, na kwamba katika njia za kuthibitisha zilizoandikwa vitabuni hakuna njia inayoitwa kumvua mtu nguo. Walisema mawakili na majaji, wengi wao si Waislamu. Sisi wenye vitabu tulinyamaza.

Wako wanaodhani kuwa anayempiga mshukiwa aitetea sharia. Nawajue basi kuwa vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vyenye vifungo vya hadi miaka 14 na miaka 5, havikutoka kwa Imamu Shafi wala kwa kadhi yeyote wa Mombasa. Vililetwa na serikali ya Kiingereza, na Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Kadhi wetu, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hana mamlaka ila katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu walioridhia kwenda mbele yake. Sheria ile ni ndugu wa ile iliyomtisha Tomasi katika mchezo. Nayo, pamoja na ukali wake, haikumpa mtu wa njiani ruhusa ya kumtupia mwenziwe hata jiwe moja.

Tuna jambo jingine lililotukaa moyoni tangu usiku wa kwanza, nalo ni yule Duke. Kosa ni la wawili. Mmoja aliondoka kwa gari lake, barua zake majivu, jina lake safi, akatafute mke tajiri kwingine. Mwingine alibaki na hofu ile ile chini ya paa. Uani watu walimcheka Tomasi; hatukusikia aliyemcheka Duke, wala hakuna mtoto wa Kikoneni aliyebandikwa jina lake. Mtume (s.a.w.), alipoombewa msamaha kwa mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzumi aliyeiba, alikasirika, akawaambia watu kuwa waliokuwa kabla yao waliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimpitishia hukumu. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Tusemeje sisi tulio jirani na Diani? Yajulikana kuwa miongoni mwa wageni wenye fedha wako wafanyao wapendayo, wake kwa waume, na watu hupeleka mizigo yao vyumbani na kupokea bahshishi, na hakuna aliyewatungia wimbo. Wimbo umetungiwa mwanafunzi wa cherehani. Ikiwa ghadhabu yetu ni kwa ajili ya Mungu, mbona yajua sana ni nani mwenye fedha?

Ndugu yetu mmoja wa darasani, mtu wa ilimu na mwenye wivu wa dini, alitupinga kwa hoja nzito, na si uadilifu kuificha. Alisema: "Haya yote ni kweli, lakini mlango wa shari hufungwa kabla haujafunguliwa. Jicho likizoea, moyo huzoea. Usiku wa kwanza watu walipiga kelele Tomasi alipotokea, usiku wa tatu walinyamaza. Huoni kuwa mchezo umekwisha kufanya kazi yake?" Nasi tuliyaona hayo. Ni kweli walinyamaza. Tena tutaongeza la kwetu wenyewe: mwalimu alitueleza yajayo katika sehemu ambazo hatukuziona, kwamba baada ya miaka Tomasi alisafiri London kununua dawa ya kumgeuza, akajichoma sindano mpaka akapata vidonda, na mwishowe, katika mwaka wa mwisho wa mchezo, alikata mishipa ya mikono yake ndani ya maji ya kuogea, wakamwahi. Tuliposikia hayo tulimhurumia. Twahofu kuwa ndugu yetu ataihesabu huruma hiyo kuwa ndiyo dalili ya ugonjwa.

Lakini huruma si kuridhia, na kusimulia si kuridhia. Qurani yenyewe imesimulia habari ya kaumu ya Luti. Na katika Sura ya Yusuf imesimulia mke wa mwenye cheo alivyofunga milango akamtaka kijana wa nyumbani, jambo ambalo likitajwa na msimulizi mpumbavu huwa uchafu. Imelitaja bila ya kuchochea na bila ya dhihaka. Na wala haikulitaja ili tuwachunguze wake za jirani zetu ni nani miongoni mwao afanana na mke yule. Basi kwa maoni yetu swali la kuuliza juu ya mchezo si ni nani ameonyeshwa, ila ameonyeshwa vipi, na watazamaji watoka nyumbani humo na nini. Waliotoka katika uani ule walitoka na jina la kumbandika mtu. Hilo, ndugu yetu, halikufanywa na Julian Fellowes. Lilifanywa na mfasiri wetu na vicheko vyetu.

Kwa hiyo hatukutoa fatwa ya kuuharamisha mchezo kwa ajili ya Tomasi. Tuliyoyakataza ni mengine, nayo ni ya kale: kuipitisha sala ya Isha kwa ajili ya picha, na kuwaketisha watoto wadogo mbele ya mambo ya watu wazima. Twaona pia kuwa mtu mwenye shamba na watoto ana kazi bora kuliko kufuata posa za mabinti wa Kiingereza kwa miaka sita. Ila hayo ni maoni ya watu wa makamo, na hatumlazimishi mtu.

Mfasiri tulimwita, tukazungumza naye faraghani. Ni kijana mwema, hakujua kuwa sauti aliyoibuni kwa kuchekesha imepata mwenyewe. Alilia. Siku ya pili alikwenda kwa yule mzee kuomba radhi, na usiku wa mapumziko yake uliofuata alipofika mahali pa Tomasi alifasiri kwa sauti yake mwenyewe. Watu walilalamika kuwa mchezo umepoa.

Mzee alirudi kwetu mara ya pili, naye akatuuliza kwa sauti ya chini swali ambalo alikuwa amelizuia mara ya kwanza: "Sheikh, mwanangu ni hivyo walivyosema?" Tulimjibu kuwa hatujui, na hatutamwuliza, na yeye pia asimwulize, kwa sababu Mungu hakumkalifisha baba kuvunja sitara ya mwanawe. Akatuuliza, "Basi nimwambie nini?" Tukamwambia amwambie kuwa nafasi yake katika safu ya pili, karibu na nguzo, haijachukuliwa na mtu.

Jumatatu tulikwenda kwa fundi tukiwa sita, tukachukua vipimo vya kanzu kwa ajili ya Idi. Kijana ndiye aliyetupima, kimya, futi shingoni, akiandika katika kipande cha karatasi. Alipofika kwa mwalimu, ambaye ni mnene, alisema kuwa kitambaa hakitatosha, na mwalimu akatoa fedha ya yadi nyingine. Tumeambiwa zitakuwa tayari baada ya wiki mbili.